Watu Niliowaua kwa Sentensi Moja

Siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu, hata sasa ambapo meno yamenitoka.

Ulikuwa mwaka wa uhuru, hapahapa Rumonge, kando ya ziwa. Mwezi ulikuwa umejaa, na mwezi ukijaa ndagala, hawa dagaa wetu, hawafuati taa, kwa hiyo mitumbwi ilipumzika. Mchana nyavu zilitandazwa mchangani, watu wakazishona, na kwa desturi mmoja aliwasimulia. Hadithi ikinoga, sindano husimama. Isiponoga, zinaendelea tu, na hapo umeshindwa. Mwaka ule, ambaye angesimamisha sindano ndiye angesimulia siku ya sherehe, mbele ya mji mzima. Mimi binti niliyeishia darasa la nne niliitaka nafasi ile mpaka usingizi ukanipaa.

Nikasimama. "Siku moja watu wote walikufa. Simba akawa mfalme, tembo waziri, fisi polisi." Nikawapa wanyama bendera, nikawapa hata ofisi ya kodi. Sindano ziliendelea. Mvuvi mmoja akapiga mwayo.

"Ee mutoto, huyo simba wako anatoza kodi? Basi iko muzungu tu, amevaa manyoya!"

Ufuo mzima ukacheka. Shangazi Mwajuma, dada ya baba aliyenilea, hakucheka. Alinivuta kando.

"Hadithi yako imenivunja moyo. Watu wote wamekufa?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Na mimi?"

Nikageuka kuziangalia nyavu.

"Mimi si mutu? Nimekufa nikifanya nini? Nani alinifumba macho? Ndagala wangu juani aliwaanua nani? Umetumaliza kwa sentensi moja, ukakimbilia kumuvalisha simba kofia!"

Iliniuma, sikufichi. Lakini wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Shangazi alinisema usoni kwa sababu alitaka nibaki.

Kesho yake nikarudi. "Simba amerudi!" wakapiga kelele. Sikuketi. Nikaanza na mbuzi mmoja tu, amefungwa kamba nyuma ya nyumba, anamngoja mwenyewe aje amfungue. Jua linapanda, mwenyewe haji. Wakapita watawala wapya, kiboko na mamba, wakibishana nani mkubwa. Mbuzi akawaomba. Wakatazama lile fundo, wakatazamana. Hakuna hata mmoja mwenye vidole vya kulifungua.

Sindano zilisimama.

"Sasa huyo mbuzi?" akauliza yule yule wa mwayo. "Sema basi! Nani alimufungua?"

Nafasi ya sherehe nikaipata.

Ikaja sabini na mbili, mwaka wa mauaji, nikiwa mama wa watoto. Watu wengi wa kando hii ya ziwa walipotea, na waliobaki wakawataja kwa neno moja tu: "wameenda." Mimi nilikataa. Niliwaambia wanangu habari za Rashidi, mmoja wao, mshona viatu jirani yetu, aliyetia chumvi kwenye chai na kuimba vibaya kuliko jogoo. Nikamaliza huyo, nikaanza mwingine. Hata leo sijamaliza.

Basi sikia, mwanangu. Ukitaka kusema habari za watu, anza na mmoja, umjue alikula nini na alimpenda nani. Dunia haianguki yote kwa pamoja, huangukia mlango wa mtu. Na ukikaripiwa na anayekupenda, lia kidogo ukitaka, kisha kesho urudi ufuoni usimame tena.

Mungu akupe ulimi usiochoka na moyo usiokimbia karipio. Na kila utakayemtaja kwa jina lake, ampe pumziko. Amina.