Nilivyokataa Kukaribishwa Kwetu

Shule ya jioni niliyosomea mjini Kisii ilikuwa na wanafunzi waliokomaa. Mwalimu akiingia, sisi ndio tuliomwambia aketi apumzike. Wa Kiingereza alikuwa kijana kutoka upande wa ziwa, mrefu hivi kwamba akifuta ubao alifuta pia utando wa buibui darini. Mimi, fundi wa nguo wa soko la Daraja Mbili, tayari nyanya wa watu, nilikuwa kiranja wake. Walinichagua kwa sababu nikiita majina pale darasani, hata watu wa Keroka kule mbali huitikia.

Jioni moja aliandika maneno mawili ubaoni: visitor na guest. Kwa Kiswahili yote ni mgeni, kwa Ekegusii yote ni omogeni, kwa hiyo darasa zima lilimtazama kama mtu anayetaka kutuuzia shati moja mara mbili.

"Visitor ni yule aliyefika tu," alieleza. "Chukua wa hospitali. Anakuja kumwona mgonjwa, kengele inalia, anatoka. Guest ni yule aliyealikwa akaandaliwa. Yule wa heshima kwenye harusi, huyo ni guest."

"Mwalimu, huku kwetu ukifika tu umeshaalikwa," nilimwambia. "Hata aliyekuja kugombana anawekewa chai kwanza."

"Kwa hiyo mama, wewe huoni tofauti?"

"Naiona. Lakini naona pia wanapofanana. Wote wawili wana mahali pa kurudi."

Akasema hilo halitatoka kwenye mtihani. Sikujali, nililibeba hivyo hivyo, maana mtihani wangu mwingine ulikuwa nyumbani, kwenye vilima vya Marani.

Huko alikuwa amebaki mama yangu, kwenye boma la marehemu baba, pamoja na ndugu yangu mdogo na mke wake. Ndoa yangu mimi ilikwisha zamani, bila vita, kama gauni lililochakaa. Nilikuwa nimeamua kurudi. Nilitaka mahali pa kujenga chumba kimoja na jiko, kando ya migomba, nikae karibu na mama wakati bado ananijua kwa hatua zangu tu. Ndugu yangu nilishamwambia mara nyingi, na hakuwahi kukataa. Hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Hakukataa. Alinikaribisha.

Kama hujawahi kufukuzwa kwa ukarimu, nisikilize. Kila nilipokanyaga uani kuku alichinjwa, na nadhani niliangamiza ukoo mzima wa kuku ambao babu zao nilikuwa nikiwajua. Nilikalishwa kwenye kiti chenye vitambaa vitatu. Nililetewa kikombe chenye maua ambacho mama mwenyewe hakuwahi kukinywea. Nikiinuka kwenda jikoni, wifi yangu alikuwa ameshajaza mlango.

"Wifi, keti. Mgeni haingii moshini."

"Nimezaliwa kwenye moshi huo."

"Ndiyo maana sasa tunakupumzisha."

Nikianza kutaja ardhi, ndugu yangu alinifungulia soda. Sina hesabu ya mazungumzo niliyoyameza pamoja na soda hizo. Halafu jua likianza kuinama, wifi alitokea na mkoba wangu kwenye mkono mmoja na kichana cha ndizi kwenye mwingine. "Twende tukusindikize kabla mvua haijaanguka." Basi walinisindikiza wote hadi barabarani kwa vicheko, wakapunga mikono mpaka gari likakata kona. Utagombana vipi na watu waliokubebea ndizi? Nilitolewa kwetu kwa heshima hata majirani wakanionea wivu.

Nilipofaulu mtihani wa kidato cha nne waliniita nikale sherehe. Nilikwenda na cherehani yangu. Ndugu yangu aliitazama ikishushwa kwenye pikipiki, akakohoa, akasema karibu. Mezani, mbele ya kuku mwingine marehemu, alisimama kutoa hotuba.

"Leo tuna mgeni wa heshima."

"Yupi?" nikauliza.

"Ni wewe, dada."

"Visitor au guest?"

Alimtazama mke wake, mke wake akatazama sufuria. "Kwani kuna tofauti?"

"Ipo, na nimeisomea jioni baada ya jioni nikisinzia. Mmoja hufika, mwingine hualikwa. Lakini wote wawili huondoka. Mimi siondoki. Nitafutie neno lingine."

Mama alikuwa akitafuna polepole pembeni, na tulidhani hasikilizi. "Mwacheni akae," alisema, "ili kuku wangu nao wapumue."

Saa ya kusindikizwa ilipofika, wifi alikuja na mkoba na ndizi kama kawaida. Sikuinuka.

"Wifi, mvua inakuja."

"Naiona."

"Magari yataisha."

"Yafike salama."

Alisimama na zile ndizi mpaka mkono ukamchoka, akaziweka chini, akaenda kufungia ndama. Usiku huo nililala kwa mama.

Asubuhi nilijifunga leso, nikachukua kikapu, nikamfuata wifi shambani kuchuma chai. Alichuma mistari miwili mizima. Kisha akaja, akaingiza mkono ndani ya kikapu changu, akatoa jani gumu kama soli ya kiatu.

"Hii ni nini?"

"Ni chai."

"Hii ni kuni. Majani mawili na chipukizi. Au huko shule ya jioni hamkufundishwa?"

Sijawahi kufurahia tusi kama hilo. Mwanamke aliyekuwa akinishikia mlango wa jikoni kama askari sasa alikuwa ananigombeza kama mtu wa pale pale.

Ndugu yangu alitukuta humo, viatu vimejaa matope, macho hayakulala. Aliniuliza moja kwa moja:

"Dada, unaondoka lini?"

Mkono wa wifi ulisimama juu ya majani. Kwetu swali hilo mgeni haulizwi, hata kama amekula mpaka paa la nyumba. Unakaa naye, unamchekea, unamwombea aondoke kimoyomoyo, lakini mdomoni hulitoi. Ndugu yangu alikuwa amelitoa mchana kweupe, na mimi nilihisi nimekuwa mrefu kuliko mwalimu wangu.

"Siondoki."

"Watu watasema nini?"

"Watasema dada yako amerudi."

"Msichana aliyeolewa harudi kujenga kwa baba yake. Haijafanywa hapa."

"Itafanywa leo. Sheria inasema mimi ni mtoto wa marehemu kama wewe. Nimeisoma, kwa Kiingereza."

"Na hicho Kiingereza chako."

"Nimekitafuta uzeeni, sikirudishi."

"Wanangu watajenga wapi?"

"Kwani naleta ghorofa? Chumba na jiko. Watajenga kila upande na nitawapigia kelele wasiharibu matofali."

Tuligombana mpaka wachumaji wa bonde la pili wakaweka vikapu chini wasikie vizuri, na naamini Nyamira nako walipata habari. Tulikumbushana blanketi tulilovutana utotoni, na nani alimwacha ng'ombe akaingia kwenye mahindi. Wifi alijaribu kutuamua, akashindwa, akarudi kuchuma.

Nilipochoka kujibu nilikwenda kando ya migomba. Nilikata vijiti vinne, nikavichomeka ardhini, nikavizungushia uzi mweusi wa cherehani. Ndugu yangu alinifuata, akang'oa kimoja. Nilijua anakitupa, nikaanza kutafuta kingine.

Hakukitupa. Alipanda nacho juu kidogo, akafumba jicho moja, akapima.

"Hapo chini maji ya mvua hupita. Utalala na vyura." Alikichomeka, akakikanyaga kwa kisigino mpaka kikashika. "Na mlango usielekee kwangu."

"Utaelekea kwako," nikasema, nikainama kung'oa kijiti cha pili.