Sanduku ya Bibi-arusi na Buku ya Amuri

Shoferi Amuri wa Alunguli hakunipita kwa kusoma, na mimi niliacha masomo mwaka wa pili. Lakini njo yeye polisi walimuogopa, juu ya buku ndogo alikuwa anaweka chini ya kiti ya kamyo.

Siku moja, wakati wa Wabelgiji, tulipeleka sanduku ya bibi-arusi Mikelenge. Kwetu shangazi njo anaifunga, na hakuna muntu anaifungua mbele ya kufika kwa bwana. Ikifunguliwa njiani, ni haya kubwa. Shangazi mwenyewe, Mama Zaituni, alikuwa ameikalia.

Kwenye kivuko polisi akatusimamisha. "Munaficha lutuku, ile pombe Wazungu wamekataza. Fungua."

Mama Zaituni hakuinuka. Amuri akatoa buku.

"Fungua, baba, ni kazi yako. Lakini karani moja aliniambia niko na haki ya kuomba: andika jina yako, na nani alikutuma. Kisha kila kitu unatoa, andika. Nitapelekea mukubwa yako."

Polisi akaandika jina. Akaangalia sanduku, kubwa kama ngombe amelala.

"Mama, iko vitu ngapi ndani?"

"Nguo tu ni makumi ine. Vijiko sikuhesabu."

Polisi akakata jina yake kwa kalamu. "Mupite."

Wote wakacheka, isipokuwa mimi, maana nilitaka afungue. Kila Idi namuuliza Mama Zaituni mule mulikuwa nini kingine. Ananijibu, "Andika jina yako kwanza."