Hesabu ya Ndege Inataka Watu Wawili

Mtaani walimwita Mama Darubini, ingawa kilichomlisha kilikuwa cherehani. Alishona sare za shule katika chumba cha mbele chenye dirisha moja, na ukimpelekea suruali atakuangalia kutoka chini hadi juu, akwambie umenenepa, halafu apitishe uzi kwenye tundu la sindano huku bado anakutazama wewe. Macho hayo ndiyo yaliyomtoa chumbani. Miaka ishirini na mmoja iliyopita, maofisa wa wanyamapori walikuja kutafuta watu wa kuwahesabia ndege kwenye kinamasi cha chumvi nyuma ya mji. Walikuwa bado wanahangaika na vifuniko vya darubini zao, yeye akawaambia pale ukingoni kuna yangeyange arobaini na mmoja. Wakacheka. Walipohesabu wakapata thelathini na tisa. "Wawili wamelala nyuma ya wenzao," akasema. Upepo ukavuma, shingo mbili nyeupe zikachomoza, na kazi akapewa siku hiyo hiyo.

Tatizo lilikuwa mwandiko. Saba yake na moja yake hata mwenyewe hakuzitofautisha. Mdogo wake, kwa upande mwingine, hakuona mbali hata kwa miwani, ila akishika kalamu ungedhani karatasi imetoka kiwandani. Basi ofisi ikawaajiri wote wawili, mmoja wa kutaja na mmoja wa kuandika, na majina yote mawili yalipaswa kuwemo kwenye fomu, la sivyo hesabu haikupokelewa.

Asiyekijua kinamasi kile huona tope linalonuka na majani mafupi. Ni majani manene, ukiyatafuna yana chumvi, na yanaota pale ambapo mmea mwingine wowote ungekauka kwa siku mbili. Maji yakipwa, tope huwa meza iliyoandaliwa: minyoo, konokono, kaa wadogo kuliko kifungo cha shati. Ndege hutawanyika huko kula, na hapo hata malaika hawezi kuwahesabu. Inabidi kungoja bamvua, siku zile bahari inapanda kuliko kawaida. Vijito hufurika, tope hufunikwa, na ndege wote husukumwa kwenye ukingo mmoja mrefu unaobaki mkavu. Wanabanana pale kwa saa mbili, na mwenye kuhesabu ahesabu.

Dada mtu aliweka darubini machoni, asiitoe mpaka ukingo uishe. Ukitoa jicho umepotea, unaanza upya. "Sululu thelathini na wanne," anasema. Mdogo wake, kwenye kigoda kando ya goti lake, anarudia, "Sululu thelathini na wanne," na kurudia huko maana yake ni nimeandika, endelea. Saa mbili nzima hivyo, mmoja anasema, mwingine anarudia. Walipokuwa wasichana walilala kitanda kimoja na waligombana kwa kila kitu, kuanzia shuka mpaka sabuni. Pale ukingoni hawakugombana hata mara moja, na ninaamini ndiyo sababu wote wawili waliipenda kazi ile kupita kiasi.

Kisha mume wa mdogo akahamishwa kikazi kwenda mji wa mbali, safari ya siku nzima kwa basi. Mdogo alifunga mizigo akasema, "Dada, kwenye hesabu kubwa ya mwaka nitakuja. Hata niwe kitandani." Miaka minne alikuja kweli. Alifika jioni, wakala, wakahesabu kesho yake, akaondoka. Siku mbili kwa mwaka. Mama Darubini alizoea kusema zinamtosha, na wateja wake walimwitikia kwa heshima bila kumwamini.

Mwaka wa tano shemeji aliteleza bafuni akavunjika nyonga. "Dada, mwaka huu usinitegemee," mdogo akasema kwenye simu. "Siwezi kumwacha."

"Muuguze mumeo," akajibu. "Ndege hawana nyonga." Akakata simu, akakaa mbele ya cherehani bila kushona.

Ofisa wa wanyamapori alipopata habari akaja mwenyewe, mtu mpole mwenye kalamu tatu mfukoni. "Mama, nitakuandikia mimi. Nikae tu pale kwenye kigoda."

"Mdogo wangu yuko njiani," akasema. Ulikuwa uongo mtupu, na ulimtoka kirahisi. Aliogopa kitu kimoja tu: mtu mwingine akishakaa kwenye kigoda kile, mdogo wake hatakuwa tena na sababu ya kurudi.

Akaenda peke yake. Karatasi mapajani, kalamu sikioni, darubini machoni. Maji yalijaa saa kumi alasiri, na ndege walikuwa wengi kuliko mwaka uliotangulia. Vitwitwi pekee walifunika nusu ya ukingo. Alihesabu vizuri. Alitaja, akanyamaza kidogo, akataja, akanyamaza kidogo, mpaka mwisho wa ukingo. Alipoishusha darubini karatasi ilikuwa tupu, kalamu bado iko sikioni. Saa mbili nzima alikuwa akimtajia mtu asiyekuwepo na kumpa nafasi ya kuandika. Maji yalikuwa yameshaanza kurudi, ndege wakiondoka makundi kwa makundi.

Alilia, kwa nini tufiche. Kisha akampigia mdogo wake akamweleza, akitegemea kuchekwa. Mdogo hakucheka.

"Kesho bado bamvua?"

"Bado."

"Saa ngapi?"

"Kumi na nusu hivi."

"Nipigie. Nina fomu tupu za zamani hapa. Wewe taja, mimi naandika."

Kesho yake aliichomeka simu kati ya sikio na kilemba, akainua darubini. "Yangeyange sitini na wawili."

"Yangeyange sitini na wawili," ikajibu sauti, karibu kuliko ilivyowahi kuwa kwenye kigoda. Nyuma yake ilisikika redio ya shemeji na kijiko kikigonga kikombe. Walikwenda hivyo ukingo mzima, sululu, shakwe, vitwitwi kumi kumi, bila kukosea hata mara moja. Alijikuta anatabasamu chini ya darubini.

"Imekamilika," mdogo akasema mwishoni. Sauti yake ilijaa furaha. "Nitaweka majina yetu niitume ofisini kesho asubuhi. Kumbe inawezekana, Dada. Miaka yote ile nahangaika na basi! Hata mwakani tufanye hivi hivi."

Maji yalikuwa yanapwa, na ndege wa mwisho walikuwa wanashuka kwenye tope.

"Dada? Upo?"

"Nipo. Sijamaliza." Darubini ilikuwa bado machoni. "Sululu watatu."

"Dada, saa hii maji yameshaondoka. Ukingoni hakuna kitu."

"Najua."

"Siwezi kuwaandika."

"Usiandike," akasema. "Rudia tu."

Redio ikazimwa huko ng'ambo. Kigoda kikaburutwa, au kiti, hakujua.

"Sululu watatu," mdogo wake akasema.

"Shakwe mmoja."

"Shakwe mmoja."

"Vitwitwi kumi," akasema, na ukingo mzima mbele yake ulikuwa mtupu.