Tandika Turubai Kwanza

Naikumbuka vizuri siku mnada wetu ulipofungwa kwa sababu ya ugonjwa wa ng'ombe. Mwanangu, niache nikuite hivyo ingawa sina mvi hata moja. Wewe ndiyo kwanza unajifunza kutengeneza tovuti, na mimi nimekutangulia kwa makosa.

Baba mdogo Mwita alikuwa akishona sendo za ngozi nyumbani kwetu Nyarero na kuziuza mnadani. Mimi nina jina la mama yake, Robi, kwa hiyo tangu nikiwa mtoto aliniita mama. Siku hiyo alirudi mapema na mzigo wake wote, akaketi mlangoni kwenye kiti chake kifupi.

"Wateja watakufuata hapa nyumbani," nikamwambia.

"Wamuulizie nani, mama? Jina langu hawalijui. Wananijua kwa pale ninapokaa tu."

Unga ulikuwa umepanda bei. Watu walishonesha viatu vya zamani, na aliyetaka vipya alifikiri sana kabla ya kutoa nauli. Nikamwahidi baba mdogo tovuti, ili anayemtafuta amwone kwenye simu hata mnada ukiwa umefungwa. Nilikuwa nimejifundisha mwenyewe, nikinunua bando badala ya mafuta ya kujipaka. Niliogopa mtu aliyesomea kazi hiyo chuoni ataifungua na kucheka.

Uoga huo ninao mpaka leo. Nilipiga picha za sendo, nikaona kinyesi cha kuku pembeni, nikafagia, nikapiga tena. Kukawa na kivuli, nikangoja jua. Nilibadilisha rangi ya maandishi mpaka nikasahau ya kwanza ilikuwaje. Kila jioni baba mdogo aliuliza, "Imefunguka?" Nami nikajibu, "Bado kidogo."

Mwishowe akaweka sindano chini. "Shikamoo, mama." Alinisalimia hivyo kila alipotaka kunisema. "Mimi nikifika mnadani natandika turubai kwanza. Kiatu ambacho hakijaisha nakimalizia pale pale, watu wakiangalia. Wewe unataka kufika jioni, umependeza, na watu wameshaenda kwao."

Nilicheka. Lakini tovuti sikuifungua.

Akiba ilipoisha, akavuka Sirari kwenda kushona viatu kwenye duka la mtu upande wa Kenya. Aliondoka na mfuko wa sindano, kiti akakiacha. Jioni ile ile niliifungua tovuti kama ilivyokuwa: jina lake, picha chache, namba ya simu na njia ya kufika kwetu. Picha moja ina kuku aliyejipitisha nyuma ya kiti.

Wa kwanza kupiga simu alikuwa mwalimu wa Issenye. "Huyu ndiye yule mzee wa sendo? Sisi tulijua amekufa."

Wengine wakafuata, akiwemo mama mmoja wa Machochwe anayepokea wageni wa hifadhini. Kabla ya hapo nilikuwa nikiwatumia marafiki picha za sendo kwa simu, lakini hazikuwafikia watu hawa, maana hawakuwa na namba yangu. Walikuwa wakimtafuta muda wote huo, nami nilikuwa nafagia uwanja.

Sasa oda zao anazishona siku yake ya mapumziko na kuzituma kwa basi. Anasema zikitosha kumlisha atarudi, bado hazijatosha. Nikisikia pikipiki inakata kona ya kwetu nainua kichwa. Labda nisingechelewa angekuwa pale mlangoni. Labda angeondoka tu. Sitajua, na hilo ndilo linaloniuma.

Juzi mwenzake wa dukani alimwonyesha ile tovuti. Akanipigia.

"Nimekiona kiti changu, mama. Bado kipo pale?"

"Kipo."

"Na huyu kuku?"

"Tulimla."

Akacheka. "Kiti usimpe mtu."

Basi, mwanangu, ninalokuomba ni hili. Kama mama yako anauza asali au kaka yako anatengeneza baiskeli, usingoje hali iwe ngumu ndipo watu wajue anapatikana wapi. Mnada hufungwa, na fremu ya duka hurudishwa kwa mwenyewe kodi ikishindikana. Tovuti haitashusha bei ya unga, lakini anayemtafuta atamwona kabla hajatoa nauli. Weka jina, kazi, namba na njia, uifungue leo. Kasoro utazirekebisha huku watu wakiangalia. Mimi bado kila asubuhi naona kitu cha kubadilisha. Ile picha ya kiti tu ndiyo siigusi.

Mungu akuongoze mikono, akupe wateja wanaoijua njia ya kwenu. Na kama kuna wako aliye mbali kutafuta riziki, amrudishe salama, akukute bado umemtunzia kiti chake.