Zamu ya Mhasibu

Ofisi ya chama chetu cha wakulima wa kahawa, huko Kimuli, ilikuwa na vyumba viwili na vumbi la kutosha ofisi nzima ya wilaya. Tulikuwa wafanyakazi wanne, watatu wanaume, na kila asubuhi ufagio ulinisubiri mimi. Nikachoka. Nikapanga ratiba ya usafi, kila mtu na siku yake, nikaibandika mlangoni. Nilijiandaa kwa ugomvi, lakini hakuna aliyenung'unika.

Jumanne ilikuwa zamu ya mhasibu. Nilipofika nilimkuta mkewe amepiga magoti anadeki, mtoto mchanga mgongoni. Mkoba ulinidondoka. Mama huyu alijifungua kwa upasuaji mwezi uleule, na sisi wenyewe tulimpelekea sabuni na sukari. Mumewe alikuwa mezani anakunywa chai.

"Shikamoo, dada," mkewe akaniamkia.

Hata marahaba haikunitoka. "Huyu anafanya nini hapa?" nilimuuliza mhasibu.

"Si zamu yangu leo? Nimeleta mtu."

Hakuwa akinitania. Kwetu, siku ya msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kutengeneza barabara, kila kaya hutoa mtu mmoja, na mwenyekiti wa kitongoji haulizi ni nani, mradi jembe limeonekana. Mhasibu, na diploma yake yote, aliisoma ratiba yangu vivyo hivyo. Wale wenzake wawili wakatikisa vichwa kukubali. Wake zao walishaambiwa siku zao.

Hasira ikanipanda. Nikampokonya yule mama tambara, nikalitupa miguuni pa mumewe.

"Utadeki mwenyewe! Na wewe, mama, nenda nyumbani ukalale."

Mhasibu akaliokota kwa vidole viwili. Nikajiona nimeshinda.

Mkewe akanifuata nje, mkono mmoja umekandamiza tumbo, machozi yanamlenga.

"Dada, nakuomba unirudishie kazi. Mama mkwe amesema nisipokuja huku, leo niende kupalilia migomba."

Nilitamani kupiga kelele, sikujua nimpigie nani. Nikarudi naye ndani, nikamtangazia mumewe kwamba zamu ni ya kutwa, mkewe haondoki hadi jioni. Akaliacha tambara kwa furaha. Nikamvutia yule mama kiti changu, akaketi, akanyonyesha, na mimi nikapiga magoti nikadeki.

Jioni aliuliza kama kesho pia aje. Kesho ilikuwa zamu ya mwingine.