Ukucha wa Kitwana

Mtu anayefungua kisu kwa meno, mdogo wangu Kitwana alikuwa hamhesabu katika watu. Kumsalimia atamsalimia, maana salamu ni ya Mungu, lakini machungwa atampa yale ya chini ya tenga. Nayasema haya kwa kuwa namjua. Mimi ndiye Mwanamkuu, dada yake, niliyembeba mgongoni kule Kisarawe mama alipokuwa shamba, na mtoto mwenyewe alikuwa mzito na mlizi.

Kisu chake kilikuwa cha kukunja, mpini wa mbao, alichoachiwa na marehemu baba yetu. Kwenye bapa lake, karibu na mgongo, pana kijishimo cha kuingiza ukucha. Baba alitufundisha kwamba kisu kinafunguliwa kwa ukucha, taratibu, mbele ya mtu, kila aliyepo akione kinavyotoka. Ukitaka kumpa mwenzio unakikunja kwanza. Kikiwa wazi hapokei mtu. Sisi wengine tuliyasikia tukayaacha, Kitwana akayashika kama sala. Kila Ijumaa alikata kucha zote, akauacha mmoja tu, wa dole gumba la kulia, mrefu na mgumu. Naila mkewe, siku ya kwanza alipouona ukucha ule, alidhani kaolewa na mganga.

Kazi yake kumenya machungwa na mananasi pale kituo cha Picha ya Ndege, kando ya barabara. Shamba letu liko Kisarawe, mimi nachuma, yeye anauza. Na akimenya, ganda linatoka moja refu bila kukatika, watoto wa shule wanaligombania. Lakini kabla ya ganda watu walikuja kuona kile kisu kikifunguka. Ukucha unaingia, bapa linapanda polepole, halafu kinalia ta! Ndipo anakuuliza unataka la kukata katikati au la kutoboa juu.

Maneno sasa! Vijana wa bodaboda hufungua visu vyao kwa kurusha mkono, kisu kinachomoka chenyewe, basi atawaambia hicho mmefungulia watu, si machungwa. Wako wanaokigonga pajani, hao akisema iko siku watajikata pasipostahili. Ila aliyemkera kupita wote ni Ponsiano.

Ponsiano ni Msukuma. Alikuja Magindu na ng'ombe wa baba yake, ng'ombe wakaisha, akahamia Picha ya Ndege akawa fundi wa pancha, kibanda chake na meza ya Kitwana vinatazamana. Mkono mmoja wa Ponsiano daima umeshika tairi, na vidole vyake vimejaa grisi, kwa hiyo kisu chake cha kukatia mpira anakitoa mfukoni na kukifungua kwa meno. Kitwana alimwita Panya. Naye alimwita Kitwana Bibi Harusi, kwa ajili ya ukucha. Sisi Wazaramo na Wasukuma ni watani, hapo hakuna wa kununa, na hawa wawili walitukanana kutwa nzima kisha wakala mihogo sahani moja. Lakini Kitwana aliapa mbele ya kijiwe kizima kwamba siku atakayotia kisu mdomoni, Ponsiano amvue nguo barabarani. Ponsiano akajibu, inshallah, ingawa yeye Mkristo.

Sasa sikilizeni yaliyonikuta.

Mchana mmoja nilifika na pikapu ya jirani, nimeleta machungwa kutoka shamba. Jambo la kwanza nililoliona ni kisu cha baba, kiko wazi, kimelazwa juu ya meza na hakuna chungwa linalomenywa. Nilishtuka kama nimemkuta Kitwana amekaa uchi. Nikamuuliza kulikoni, kisu cha marehemu kuanikwa kama dagaa. Akanijibu kwa mkato kwamba alikuwa anakitumia sasa hivi. Nikamwambia hata mimi nina macho, nikakikunja, nikamtia mkononi.

Akakitazama. Mimi nilidhani anaona haya kwa kukaripiwa mbele za watu, nikageuka kushusha magunia.

Akaja mteja, mama mmoja mwenye mtoto, akataka chungwa. Kitwana akaweka dole gumba kwenye kisu. Ukucha ukateleza. Akaweka tena, ukateleza tena. Akatugeuzia mgongo, akainamisha kichwa, na mimi kwa macho yangu haya nikamwona anakipeleka kisu cha baba yetu mdomoni, anakiuma.

Kijiwe kililipuka. Bodaboda wanapiga honi, mwingine kavua kofia anacheza, Ponsiano kaangusha tairi anakuja mbio kudai haki yake, anapiga makofi, anasema nguo hizo leo ni zangu. Mimi sikucheka hata kidogo. Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawaka, nikamfuata nikamwambia baba yuko kaburini anakutazama, huna haya?

Akageuka anijibu. Maneno yakatoka yamelala, kama ya mtu mwenye ugali mdomoni. Kisu kikamponyoka kikaanguka miguuni pa yule mama, chungwa likafuata.

Watu bado wanacheka, wanaona ni utani umekolea. Ponsiano alikuwa ameshafika mezani, mdomo wazi kwa kicheko, kicheko kikakatika. Akamshika Kitwana kidevu kwa vidole vyake vya grisi, akauelekeza uso wake kwenye mwanga.

"Dada," akaniambia, "hapa hakuna utani tena. Mdomo umekwenda upande."

Nilitazama. Upande wa kulia wa uso wa mdogo wangu ulikuwa umeshuka, na mkono wa kulia unaning'inia kama si wake. Nikasikia ukelele, kumbe ni wangu. Muuza mihogo akaja na lake, kwamba huyo kapitiwa na upepo mbaya, apelekwe kwao Kisarawe akafukizwe. Ponsiano alikuwa keshasimamisha bajaji, kamkumbatia Kitwana kiunoni, kamwingiza ndani, na njia nzima kamshika kichwa kisigonge vyuma. Shati jeupe la Kitwana lilijaa alama za mikono yake.

Hospitali walimpokea mbio, wakampima presha, daktari mwenyewe akatazama kipimo mara mbili. Kiharusi. Akanieleza kwa upole kwamba roho huenda ikapona, lakini mkono na ulimi hawezi kuniahidi, kwa hiyo nimwambie kweli, hali hii imeanza lini. Nikamjibu bila kusita kuwa imeanza leo, mbele yangu, alikuwa mzima kabisa.

Naila alikuwa amefika, kasimama nyuma yangu na kanga moja. Nikamsikia anavuta pumzi.

"Si leo, wifi," akasema. "Tangu wiki iliyopita."

Nikageuka. Yarabi, mambo niliyoyasikia! Kumbe kikombe kilikuwa kinamdondoka. Kumbe vidole vilikuwa vinakufa ganzi kisha vinarudi. Na kila alfajiri, baada ya sala, Kitwana alikuwa anakwenda nyuma ya nyumba, anaupa mgongo mlango, anafungua kisu kwa meno. Akishakifungua anakifunga kwenye kitambaa, anakwenda nacho Picha ya Ndege kikiwa wazi, kikae wazi mezani kutwa nzima, mtu asije akagundua kwamba ukucha haukubali. Naila alimwona, akamsihi aende hospitali. Kitwana akamwapisha asiseme. Alimwambia mkono umelaliwa vibaya tu, utarudi, na Ponsiano akijua, hataweza tena kukaa pale barabarani.

Daktari hakugomba. Alisema ganzi ile ilikuwa onyo, na dawa ya presha ingeanza siku ile pengine tusingefika hapa. Akaandika, akaondoka.

Nilikuwa najua watu huficha maradhi, nani hajui, huficha kwa woga, huficha kwa kukosa nauli. Lakini mtu na akili zake kuuacha mkono ufe, mkono unaomlisha, asichekwe na fundi pancha! Nilitaka nimzabe kofi palepale kitandani. Tena nilitaka nimkumbatie. Nikashindwa yote mawili, nikakaa chini sakafuni kwenye miguu ya watu.

Roho ilipona. Tulimrudisha Kisarawe, nyumbani kwetu, nimtazame mimi na Naila kwa zamu. Mkono wa kulia ulijikunja ngumi, vidole vikajifunga juu ya dole gumba, na ule ukucha ukawa unamchoma nyama ya kiganja mpaka damu. Asubuhi moja alipokuwa amelala Naila akavifungua vidole kimoja kimoja, akaukata. Mimi ndiye niliyemshikia mkono.

Alipoamka alijipapasa kwa mkono wa kushoto, akatafuta, akatafuta tena. Tangu atoke hospitali alikuwa hajatamka neno la kueleweka, tulikuwa tunakisia maji, tunakisia uji.

"Ukucha," akasema.

Neno zima, limenyooka. Tulishtuka mimi na Naila tukashikana. Halafu akalia. Kitwana hakulia tulipomzika baba, hakulia hospitali alipoambiwa mkono huo asiutegemee. Aliulilia ule ukucha, na Naila akatoka nje maana hakuweza kutazama.

Mwezi ule ule Ponsiano akaja kumwona. Nilipomwona anaingia uani, kaoga, kavaa shati la kanisani, ametia machungwa kwenye kiroba, nilisogelea beseni la vyombo. Watani hawana mipaka, hata msibani hutania, na mimi nilikuwa nimejiapiza kwamba akisema neno moja la kuvua nguo nitamwagia maji ya vyombo. Akanisalimia shikamoo, nikaitikia marahaba kwa jicho kali. Akaketi mkekani mkabala na Kitwana, akalitoa chungwa moja, akalishika. Hakulimenya.

Kitwana akamtazama, akamtazama. Kisha mkono wa kushoto ukaenda kwenye mfuko wa shati, ukatoka na kisu cha baba, kimekunjwa. Naila akanyoosha mkono amsaidie, Kitwana akamsukuma kwa kiwiko. Na pale pale, uso kwa uso na yule Panya aliyemcheka miaka yote, hakugeuza hata shingo, akakitia kisu mdomoni.

Kikateleza. Akauma tena, kikateleza, mate yakamtiririka kwa upande ule uliolegea. Mimi nilishika mdomo wangu, kwa vile nilijua Ponsiano akicheka tu, huyu hatakigusa tena kisu, na asipokigusa kisu sijui atakuwa mtu wa namna gani.

Ponsiano hakucheka. Akasogea mpaka magoti yao yakagusana.

"Umeuma shinani, utavunja jino," akasema taratibu. "Uma huku, karibu na ncha. Meno ya pembeni, siyo ya mbele. Kisha vuta mpini, usivute kichwa."

Kitwana akakigeuza kisu mkononi, akakiweka vizuri, akauma pale alipoambiwa.