Ngano ya Ndege

Mtafiti wa mbegu ana vidole vinene kama vya mwashi, lakini akishika kibano kuchavusha suke la ngano, hata pumzi huibana. Husema na mimea yake kwa sauti ya chini, "Haya mama, tulia," maneno ambayo mkewe anadai hajayasikia nyumbani tangu harusi. Kwa miaka kumi na mmoja amelea ngano moja ngumu, ya kusagwa unga wa tambi: fupi, isiyolazwa na upepo, isiyoshikwa na ugonjwa wa kutu.

Siku wakulima walipoalikwa kwenye kituo cha utafiti kuionja na kuichagua, alieleza sifa zake hadi koo likamkauka. Mama mmoja wa makamo alitafuna punje, akaitikia kwa kichwa, kisha akapita moja kwa moja hadi mstari wa pembeni.

"Na hii ndefu?"

"Hiyo si kitu, mama. Tumeipanda ili ndege waile, waiache ile nzuri."

"Ndege si wajinga, bwana shamba. Yako ni tamu, lakini haina mabua. Ng'ombe wangu nitawalisha maelezo?"

Wenzake wakaangua kicheko, na mmoja mmoja wakaenda kusimama kwenye ngano ya ndege. Mtafiti alifungua daftari, akakuta mstari ule hakuwahi kuupa hata namba.

"Mama," akauliza, kalamu mkononi, "tuipe jina gani?"